Mama Asiyepewa Sura

Gonjwa linaingia nyumbani kwa akina Morison likiwa ndani ya gazeti. Ni Novemba 1918, katika mji mdogo wa Illinois, Marekani. Baba anasoma kwa sauti habari za mafua ya Hispania. Mama, mjamzito, anashona. Bunny, mtoto wa miaka minane, macho yake yako kwa mama. Kesho yake Vita vya Kwanza vya Dunia vinakwisha, mji unashangilia, na homa inampata Bunny.

Hivyo ndivyo William Maxwell anavyoanza riwaya yake fupi, *They Came Like Swallows*, iliyotoka mwaka 1937. Mafua yale yaliua watu wapatao 675,000 Marekani pekee, ila humu tunahesabu viti vya meza moja. Msiba umegawanywa mafungu matatu: la Bunny, la kaka yake Robert wa miaka 13, na la baba yao, James. Elizabeth, mama mwenyewe, hakupewa hata sura moja.

Nilipokisoma kitabu hiki mara ya kwanza niliona huo ni upungufu. Niliporudia nikaanza kuuona mkono wa fundi. Kwa Bunny, mama asipokuwepo, nyumba nzima inapoa. Kwa Robert, mwenye mguu wa bandia na asiyetaka kuhurumiwa, mama ni amana. Robert aliagizwa amzuie mama asiingie chumbani kwa Bunny aliyekuwa mgonjwa. Shomoro akapenya chumbani, ikawa purukushani, na mama naye akaingia. Vita vya dunia havikumlemea kijana huyo kama shomoro yule.

Elizabeth anajifungua mbali na nyumbani, kisha anafariki kwa mafua hayo. Hatupelekwi kitandani kwake. Tunabaki na wanaongoja habari. Ndipo James anapogundua kuwa nyumba aliyodhani anaishikilia yeye ilikuwa imesimama juu ya mkewe.

Maxwell aliyajua haya kwa kuyaishi: mafua hayohayo yalimchukulia mama yake, yeye akiwa na miaka 10. Mtoto aliyefiwa mapema hivyo hana ya moyoni mwa mama ya kusimulia. Anayo aliyoyaona tu. Kwa hiyo hakumtungia Elizabeth mawazo, alikusanya macho matatu yaliyomtazama. Nami kila nikifunga kitabu, aliyenyimwa sura ndiye ambaye sura yake hainitoki.