Mkombozi na Aliyekombolewa: Kubadili Dini Utotoni katika "Uhuru wa Watumwa"

Tangu James Mbotela atoe Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kwa mkono wa Sheldon Press ya London, wahakiki wamekuwa na mashtaka mawili juu yake. La kwanza ni la fani: je, hii ni riwaya, tena labda ya kwanza katika Kiswahili, au ni taarifa ya historia iliyovikwa mazungumzo? La pili ni la itikadi. Mwarabu wa kitabuni ni mwovu pasipo kasoro, Mwingereza ni mwema pasipo doa, na msomaji hatajiwi hata mara moja kwamba taifa hilo lililowakamata wauza watumwa baharini lilikuja kuitawala nchi. Kitabu kina kasumba, wamesema, na ni kweli. Si lengo la makala haya kuyarudia yaliyokwisha thibitishwa. Lipo jambo jingine ambalo ubishi huo umelifunika. Wengi wa wale waliotelemshwa Kisauni walikuwa watoto, na pamoja na uhuru walipokea dini ambayo haikuwa ya wazazi wao. Jambo hilo limesimuliwaje, na limenyamaziwa nini?

Yafaa kukumbuka mazingira yenyewe. Sir Bartle Frere alikwenda Unguja mwanzoni mwa 1873, na tarehe 5 Juni mwaka huo Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi tangu kabla ya hapo, na swali lilikuwa moja: hao watu wapelekwe wapi? Baadhi ya watoto walikuwa wamekwisha pelekwa Bombay, wakasomeshwa na wamisionari Nasik, Bara Hindi, na wachache wao wakarudi Mombasa wakiwa Wakristo wenye ufundi na Kiingereza. Mwaka 1875 chama cha misheni cha C.M.S. kilianzisha makazi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika ardhi ya Kisauni, yakaitwa Freretown. Kengele ya makazi hayo ingali imesimama, na njia panda ilipo huitwa Kengeleni mpaka leo. Inasimuliwa kuwa kengele hiyo ilipigwa kuwaonya watu adui anapokaribia, na ilipigwa kuwaita kanisani. Sauti ilikuwa ile ile moja.

Mbotela ana asili ya Kiyao, na habari za utekwaji wa Wayao ndizo uti wa mgongo wa kitabu chake. Hapa historia ina kinaya ambacho mtunzi hakukigusa. Katika miaka ile ile ya mwisho ya karne ya 19, ambapo watoto wa Kiyao walikuwa wakibatizwa Kisauni, Wayao waliobaki kwao, kuanzia kwa watawala wao kama Makanjila na Mataka, walikuwa wakiingia katika Uislamu kwa wingi. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akitekwa na mwingine akiponyoka, wangeweza kuzeeka mmoja msikitini na mwingine kanisani, na kilichoamua kisiwe hoja yoyote ya dini bali njia aliyopitishwa kila mmoja. Aliyetekwa huenda aliondoka kwao na matambiko ya wazee, akakaa miezi au miaka mikononi mwa Waislamu, kisha akaishia katika darasa la katekisimu. Dini tatu kabla ya kubaleghe, na hakuna hata moja aliyoulizwa kama anaitaka.

La kushangaza ni kwamba lugha haikumwonyesha mtoto huyo mipaka aliyoivuka. Kwao alimtaja Mulungu. Pwani alimkuta Mungu, na hata Wamijikenda waliolizunguka eneo la Kisauni walisema Mulungu kama yeye. Wamisionari nao, tangu Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kufasiri kitabu cha Mwanzo, hawakutunga msamiati mpya wa ibada. Waliuchukua uliokuwapo, ambao ulikuwa umekwisha lelewa na Waislamu kwa karne nyingi. Imani, dhambi, sala, toba, malaika, shetani, yote yalikuwa tayari. Tofauti ya sala na swala, ambayo leo humtambulisha msemaji mara moja, ni ya baadaye, na ni ya tahajia na matamshi kuliko ya maana. Aliyebadili dini kwa Kiswahili, basi, alibadili jina lake, siku yake ya ibada na jengo lake, lakini maneno ya kuombea yakabaki karibu yale yale.

Maneno mawili tu ndiyo yaliyopata uzito mpya, nayo ni kuokoa na kukomboa. Katika matumizi ya zamani, kukomboa ni kulipa ili kukirudisha kilichowekwa rehani au kumtoa mtumwa kwa bwana wake. Kanisa likalichukua neno hilo likamwita Kristo Mkombozi. Kwingineko msomaji wa Biblia anaweza kulipokea neno hili kama sitiari. Freretown halikuwa sitiari. Mtoto aliokolewa kutoka tumbo la jahazi, na darasani akaambiwa kwamba ameokolewa; alikombolewa na Waingereza, na Mkombozi akafundishwa naye na Waingereza. Kitendo kimoja kikabeba matukio mawili, na kwa kuwa la kwanza lilikuwa kweli tupu, mwili wake ukiwa shahidi, la pili halikuwa na nafasi ya kuhojiwa. Kuikataa dini kungesikika kama kumkana mtu aliyekuvua baharini. Hii ndiyo sababu kitabu chenye neno uhuru katika jina lake hakina mtu anayekuwa huru kuamini au kutoamini. Wanaokisoma kama utumishi mtupu kwa mkoloni hukosa kuiona shukrani hii, ambayo ni nzito kuliko utumishi na ni ngumu zaidi kuiepuka.

Sarufi yenyewe inasaidia ukimya huo. Mtu husilimu kwa kitenzi cha kutenda, hata kama kwa kweli amesilimishwa. Bali hakuna anayejibatiza. Hubatizwa. Mtoto wa Kisauni aliuzwa, alikamatwa, aliokolewa, alipelekwa, alifundishwa, alibatizwa, na mnyororo wa kauli ya kutendwa unapita kutoka utumwani mpaka kanisani pasipo kukatika. Wala si watoto peke yao. Huko Rabai, mwanzo wa mwaka 1889, watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni walipewa hati za uhuru baada ya Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza kuwalipa fidia mabwana zao. Mtu aliyepata hati yake chini ya kivuli cha misheni angewezaje kutenganisha karatasi na dini?

Na kama angetaka kuacha, angejiitaje? Kiswahili kina kafiri, murtadi, mlahidi, mpagani, mkana Mungu. Yote ni majina ya kupewa, na anayeyatoa amesimama ndani ya dini akimtazama aliye nje. Hakuna hata moja ambalo mtu angelichagua kujitambulisha nalo mbele ya jirani zake. Hata kauli nyepesi kabisa, "hana dini", haisemi habari za imani tu. Pwani humaanisha pia mtu asiye na huruma wala haki, asiyefaa kuaminiwa kwa mali wala kwa neno. Lugha imeyafunga pamoja mambo mawili, na mtunzi anayetaka kuyatenganisha lazima afanye kazi ya ziada.

Kazi hiyo ilifanywa miaka arobaini baadaye, tena mbali na pwani, na Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyesoma seminari kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika Kichwamaji (1974) Kazimoto ni msomi aliyekulia katika mazingira ya Kikristo na imani ikamwishia. Anazungumza kwa nafsi ya kwanza, jambo ambalo peke yake ni mageuzi: Mbotela husimulia kwa niaba ya jamii, Kazimoto husema mimi. Mashaka yake hayatokani na vitabu tu. Anauona msiba wa mdogo wake Rukia, na anaona wazi kwamba aliyemharibia maisha, Manase, hakuadhibiwa na mbingu. Udhaifu wa riwaya hiyo umo mwishoni. Kazimoto anajiua, na msomaji mcha Mungu anaweza kukifunga kitabu akiwa ameridhika kwamba asiyeamini amepata stahili yake. Kezilahabi hakukusudia hivyo, lakini hakuifunga njia hiyo ya usomaji, na si wachache wanaoipita.

Hata hivyo Kazimoto ana nafasi ambayo mtoto wa Freretown hakuwa nayo. Alizaliwa ndani ya dini. Hakuvuliwa baharini nayo. Hana mtu wa kumshukuru anapoiacha, na ugomvi wake ni kati yake na Mungu, bila manowari wala mfadhili wa kusimama katikati.

Yaweza kutolewa pingamizi kwamba Mbotela hakuwa na hiari. Sheldon Press ilikuwa tawi la uchapishaji la chama cha Kikristo cha S.P.C.K., na kitabu kilikusudiwa wasomaji wa shule. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini linaeleza kwa nini jambo halikuandikwa. Halielezi kwamba halikuwapo. Kwa desturi Mbotela hufundishwa katika somo la chimbuko la riwaya na Kezilahabi katika somo la udhanaishi, wala haielekei mwanafunzi kuombwa aviweke vitabu hivyo viwili mezani pamoja. Akiviweka, aanze na kurasa za Mbotela ambamo watoto wanatelemshwa pwani, ahesabu vitenzi vyenye kiambishi cha kutendwa, kisha atafute cha kwanza ambacho mtoto mwenyewe ndiye mtendaji.