Mwigo na Simulizi: Uhakiki wa Makala ya Anatoly Spitkovsky ya 2008

Mwaka 1949 Enrico Fermi alitoa rai kwamba chembe za angani hupata nishati kwa kugongana mara kwa mara na mawingu ya sumaku yaliyo katika mwendo. Mnamo 1977 na 1978 wataalamu kadhaa waliihamishia rai hiyo kwenye wimbi la mshtuko: chembe huvuka wimbi, hurudishwa, huvuka tena, na kila mzunguko huizidishia nishati. Kwa njia hiyo hufasiriwa mng'ao wa michirizi ya plasma, yaani gesi ambayo atomi zake zimeachana na elektroni zake. Makala ya Spitkovsky yanauliza, katika anwani yenyewe, kama mwendo huo wa Fermi hatimaye umeonekana.

Njia yake ni mwigo wa kompyuta. Nafasi hugawanywa vijumba. Nguvu za umeme na sumaku hukokotolewa katika kila kijumba. Nguvu hizo huzisukuma chembe, na mwendo wa chembe nao huzigeuza nguvu. Hapana mahali ambapo chembe zimeamriwa kuongeza kasi. Hata hivyo, nyuma ya wimbi, kiasi cha 1 katika 100 zilijitenga na wenzake, zikibeba kiasi cha 10 katika 100 ya nishati ya mwendo. Hii ndiyo fahari ya makala haya: jambo lililokuwa likidhaniwa limezaliwa lenyewe kutokana na kanuni.

Lakini limezaliwa wapi? Hapa Kiswahili kinamlazimisha msomaji kupambanua. Akisema "chembe hupata nishati", anatoa hukumu juu ya mbingu. Akisema "chembe zilipata nishati", anaeleza yaliyopita ndani ya kompyuta. Akisema "chembe zingepata nishati", anatoa hoja yenye masharti. Kauli hizi ni tatu, wala ushahidi wa moja hautoshi kwa nyingine.

Masharti yenyewe si madogo. Mwigo ulikuwa bapa, wenye pande mbili tu. Chembe zake zilikuwa elektroni na pozitroni, zenye uzito sawa, ilhali protoni huizidi elektroni kwa uzito mara 1,836 hivi. Tena plasma ile haikuwa na usumaku wake tangu mwanzo. Sharti hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwani mwaka 2009 Lorenzo Sironi na Spitkovsky mwenyewe walionyesha kwamba usumaku wa kutosha, ukilala mkingamo mbele ya wimbi, huzizuia chembe kurudi, na uongezaji wa nishati hudhoofika mno. Basi anayetumia "hupata" bila kutaja sharti amekwisha kukanushwa na mwandishi yule yule.

Isidhaniwe kwamba mwigo ni mchezo tu. Katika makala mengine ya 2009 watafiti hao wawili walikokotoa mnururisho wa chembe zao, wakakuta unalingana na ule wa sinkrotroni. Mnururisho wa namna ya pili, uliokuwa ukipendekezwa na baadhi ya wataalamu, ulitokea pale tu walipozipunguza nguvu za umeme na sumaku kwa makusudi. Mwigo unaoweza kuikataa dhana ya mtu una thamani ya kweli.

Kwa sababu hiyo neno "simulizi", linalovutia kwa kufanana kisauti na istilahi ya Kiingereza, halifai. Simulizi hutaka kusadikiwa au kufurahiwa. Mwigo hutaka kulinganishwa na kile ulichokiiga. Alama ya kuuliza katika anwani ya Spitkovsky inaonyesha kwamba yeye aliilinda tofauti hiyo. Wafasiri wake wakiifuta alama hiyo, watakuwa wamefasiri makala mengine, yanayodai zaidi ya yale yaliyoandikwa.