Mkono wa Kushoto wa Mchora Ramani

Barabara ya Isiolo kwenda Modogashe hupita Kulamawe, na barabara kama hiyo huchorwa pointi kwa pointi kutoka kwenye vipimo vya mpima ardhi kabla greda halijanguruma. Kazi hiyo ndiyo inayonifanya niwastahi wachora ramani wanaoiendesha programu ya kuchorea ya AutoCAD kwa kuandika amri. Programu hiyo ilitoka mwaka 1982, na hadi leo ukiiandikia herufi mbili tatu inakutii.

Mtazame aliyebobea. Mkono wa kulia umeshika kipanya, wa kushoto haubanduki kwenye kibodi. Anaandika PL, dole gumba linagonga kitufe cha nafasi, na mstari wa katikati ya barabara unaanza kurefuka. Kisha O, nafasi, 3.5, nafasi. Anaugusa mstari na kuonyesha upande wa kulia, anaugusa tena na kuonyesha wa kushoto. Kingo mbili zimekaa, kila moja mita 3.5 kutoka katikati, zikifuata kona zote. Akitaka kurudia amri ileile, anagonga nafasi tu. Muda wote huo macho yako kwenye barabara. Anayesaka vitufe juu ya skrini huyatoa macho kazini kila hatua, na hatua za mchoro mrefu hazihesabiki.

Lakini ninachokipenda zaidi si kasi. Amri humdai mchoraji namba. Anaandika @12<35: mita 12 kutoka pointi ya mwisho, nyuzi 35 zikihesabiwa kutoka mashariki kinyume cha saa. Hapo ndipo mdomo wa kalvati utakapokuwa. Katika nchi kame ya Isiolo laga, yaani mto wa msimu, hukaa kavu miezi, kisha mvua ikipiga hujaa ghafla na kufuata mkondo wake. Kalvati iliyowekwa kwa kukisia, maji huipita kando na kuikata barabara.

Kuna pia jicho linalokuja na mkono huo. Kulamawe iko kaskazini kidogo ya Ikweta, kwa hiyo katika mfumo wa UTM, unaohesabu kaskazini kwa mita kutoka Ikweta, namba yake ya kaskazini ina tarakimu tano na ya mashariki ina sita. Wapima wengi hutanguliza ya kaskazini. Programu hutaka ya mashariki kwanza. Zikibadilishana nafasi, pointi hurushwa mamia ya kilomita. Mzoefu hamalizi kuingiza vipimo bila kuandika Z, kisha E, ili aone mchoro mzima. Barabara ikinywea kuwa kidoa, anajua papo hapo kwamba kuna pointi iliyopotea, naye huanza kuitafuta kabla hajachora mstari mwingine.

Vifupisho vyenyewe hukaa katika faili moja dogo la maandishi, acad.pgp, ambalo kila mtu anaweza kulirekebisha. Wapo waliolinyoosha miaka kwa miaka, wakizisogeza amri wanazozitumia sana ziangukie chini ya vidole vya kushoto, na wakipewa kompyuta mpya hulinakili hilo kwanza.