Mboga ya Siku Tatu

Mboga ya Jumapili huanza Ijumaa. Ndivyo alivyosema Waya muda mfupi baada ya kuhamia kwetu Milimani, Kisumu. Waya ni dada yake marehemu baba. Maisha yake yote ameyaishi Seme, na ni magoti yaliyomleta mjini, karibu na daktari. Alikuta nyumba ambamo kila mtu hula kwa saa yake: binti na sahani yake chumbani, kijana akingoja pikipiki imletee chipsi na kuku, sisi wazazi tukirudi usiku na kufunua ugali uliokauka kingo. Hakulaumu mtu. Aliuliza nyungu iko wapi.

Hapakuwa na nyungu. Akaenda sokoni Kibuye, akarudi na agulu moja la udongo alilolichagua kwa kugonga ubavu wake na kusikiliza, pamoja na mafungu ya osuga (mnavu) na dek (mgagani) yenye mashina na mizizi, udongo ukiwa bado umeshikilia. Mwenye nyumba wetu hataki makaa ndani, kwa hiyo jiko dogo la Waya lilipata makao roshani. Gesi hakutaka hata kuijaribu. Alisema udongo unataka moto unaoingia polepole, na tangu nianze kumtazama akipika nimeelewa kwamba karibu kila kitu katika ufundi wake kinataka hivyo.

Ijumaa jioni osuga huchemshwa kwa maji kidogo yaliyotiwa magadi ya kienyeji, yale yanayochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda makavu ya maharagwe. Maji machungu humwagwa, dek huingia, kisha maziwa. Nyungu huachwa ipoe ikiwa wazi, maana ukiifunika ingali moto mvuke hurudi ndani na mboga ikachacha. Jumamosi asubuhi hupashwa tena, maziwa mengine yakaongezwa. Jumamosi jioni vivyo hivyo. Hana kipimo. Hutazama maziwa yanavyotokota pembezoni mwa nyungu, husikiliza, mara hutia tone kwenye kiganja na kulamba. Ikifika Jumapili majani yamelainika kabisa, yamekunywa maziwa yote, rangi yake ni kijani kinachokaribia weusi, na uchungu wa osuga umebaki kidogo tu nyuma ya ulimi, pale unapotakiwa ubaki. Kijiko cha samli, basi.

Lakini kabla ya moto kuna kuchambua, na hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Dani, mama yake baba, alikuwa akitukalisha chini ya mti wa ober, uteo katikati, fungu la mboga mbele ya kila mtoto. Osuga huchumwa jani na kikonyo chake kifupi. Ukiacha shina, litamtafuna mlaji badala ya kutafunwa. Dek ina majani madogo madogo na maua ambayo lazima yatengwe, na kazi yake haina njia ya mkato. Apoth, yaani mlenda, ni rahisi, kwa hiyo hupewa mdogo kuliko wote. Dani hakuwa anatazama mikono yake hata kidogo. Vidole vilijua. Angeweza kuongea, kukemea kuku, kuitikia salamu ya mpita njia kule njiani, na majani yakaendelea kuanguka kwenye uteo, safi, bila hata moja la manjano.

Pale penye uteo yalisemwa mambo ambayo hayakusemwa kwingine. Pale penye uteo yalisemwa mambo ambayo hayakusemwa kwingine. Ni pale nilipomsikia mama akimwambia Dani kwamba karo imekosekana. Ni pale binamu yangu mkubwa alipotaja kwa mara ya kwanza jina la mwanamume aliyetaka kumwoa, na Dani akachambua majani matatu manne kabla ya kuuliza, "Ni wa wapi?" Hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake usoni. Kama neno lilikuwa zito, mikono ilikuwa na kazi ya kujificha ndani yake. Kufikia jioni, tulipokaa kula, lililokuwa gumu lilikwisha kusemwa, na chakula kikaliwa kwa amani. Sijaona meza ya mkutano, wala kiti cha mshauri, panapofanyika kazi hiyo vizuri kuliko pale.

Siku hizi mboga huuzwa tayari imeshachambuliwa na kukatwa. Mama mboga hukata akiwa anakungoja, sukumawiki nyembamba mithili ya nyuzi, na simlaumu. Anafanya kile ambacho sisi wanunuzi tumemwomba, na ana watoto wa kulisha. Tumemwomba atupunguzie saa moja. Hatukuuliza saa hiyo ilikuwa na nini ndani yake.

Wazee wa Kijaluo hawakuhitaji siku maalumu ya kula pamoja, kama Jumapili yetu hii. Katika dala kubwa, yaani boma, kila mke alikuwa na jiko lake, na kila jiko lilipeleka chakula duol, kibanda cha mwenye boma, ambako wanaume na wavulana waliokua walikula mbele ya moto mmoja. Watoto wengine na wasichana walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee, pim, aliyewalea kwa hadithi. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wameieleza vizuri katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka 1989. Mtoto alikua akionja mikono ya mama wengi. Sitamani kila kitu cha siku zile kirudi. Waliopika walikula mwisho, na firigisi ilimjua mwenyewe hata kama kuku alikuwa mmoja na watu kumi. Lakini chakula kilikuwa na njia ya kupita kutoka nyumba hadi nyumba, na njia hiyo ilitembewa kila jioni.

Milimani haikujengwa kwa njia hiyo. Reli ilipofika ziwani mwaka wa 1901 na mji ukaitwa Port Florence, Wazungu walijichukulia mwinuko huu wenye upepo, wakajenga nyumba pana zenye ua mbele na majiko ya nyuma ambamo mwingine ndiye aliyepika. Baada ya uhuru wakaingia maofisa wetu na familia zao, na nyumba zile zikapata harufu ya omena. Nawakumbuka watoto wa jirani wakiingia kwetu kwa mlango wa jikoni bila kubisha, kwa sababu wamenusa. Sasa nyumba zile zinabomolewa moja moja, magorofa yanapanda, na kwenye magorofa jiko na sebule ni chumba kimoja kinachong'aa. Pengine hapajawahi kuwa na majiko yaliyo karibu hivi na meza, wala yanayopoa mapema hivi.

Na kilicho mezani nacho kimebadilika. Waya hutaja fulu kwa sauti ya mtu anayetaja jirani aliyehama. Walikuwa samaki wadogo, wenye mifupa, wa kila namna, mamia ya aina katika ziwa moja. Walikaushwa, wakapikwa kwa maziwa, wakawa kitoweo cha nyumba isiyo na pesa. Mbuta, yaani sangara, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameshawameza wengi wao. Viwanda vikaja, minofu ya mbuta ikasafiri kwenda Ulaya, nasi tukaachiwa mifupa yenye nyama kidogo, mgongo wazi, ambayo akina mama wa mtaa wa Obunga waliikaanga na kuiuza kwa ustadi ambao haujapata heshima unayostahili. Hata ngege, samaki tunayemwimba, si yule wa Dani. Anayeuzwa kwa jina hilo leo ni nyamami, aliyeletwa vilevile. Ngege mwenyewe karibu ametoweka ziwani na amejificha kwenye maji madogo kama Kanyaboli, kule Siaya. Vibanda vya Lwang'ni, ambako mji mzima ulikuwa ukila samaki kando ya maji, vilibomolewa bandari ilipofufuliwa. Bandari tuliihitaji. Vibanda pia tulivihitaji.

Kuhusu mboga, ningepaswa kufurahi, na kwa sehemu nafurahi. Nilipokuwa shuleni tulifundishwa kula kabichi, na osuga ikaitwa gugu au chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno hapa karibu kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ametumia maisha yake ya kazi kuthibitisha thamani ya mboga hizi, kuanzia mbegu hadi lishe. Mwaka wa 2021 UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kulinda vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Leo osuga imo kwenye maduka makubwa na kwenye orodha za hoteli. Jani limeokolewa. Ila katika hoteli hizo huchemshwa muda mfupi, hukaangwa kwa kitunguu na nyanya, ikaletwa ikiwa na ukali wake wote. Mgeni huonja, hukunja uso, kisha huambiwa kwamba ndiyo ladha yake ya asili. Sivyo. Ladha yake ya asili ni ya siku tatu, na hiyo haiwezi kupangwa rafuni.

Nyumba nyingi ninazozijua zimejaribu kurudisha chakula cha pamoja. Hutangaza siku, huagiza pilau na kuku wa kuchoma, huweka maua. Hudumu wiki chache, kisha mmoja anakuwa na safari, mwingine ana mechi, siku ikafa bila kuagwa. Sishangai. Chakula kilichoagizwa saa moja iliyopita hakimdai mtu chochote. Asipofika kitaingia friji. Nyungu iliyopashwa tangu Ijumaa inadai. Mpwa wangu anayekaa Kondele alipiga simu Jumapili moja kusema amechoka, hatafika. Waya aliomba simu. "Mboga imeshakula maziwa ya siku mbili, nyathina," alimwambia. "Unataka nimpe nani?" Kijana alikuja, amenuna, akala, akakaa mpaka usiku.

Hakuna sherehe katika meza yetu. Mara nyingi ni omena: wanaoshwa kwa maji ya moto hadi mchanga uishe, wanakaangwa wakavu, ndipo vitunguu na nyanya vifuate. Ugali ni wa mtama uliochanganywa na muhogo, na anayeusonga ni kijana wangu, kwa sababu Waya amekataa katakata kwamba mwiko uwe wa wasichana. Ana mikono yenye nguvu, asema, aitumie. Nimeona hilo likibadilisha zaidi ya ugali. Mvulana aliyesonga mwenyewe hasubiri kuitwa mara mbili, wala hainuki mezani huku wengine wakiwa bado wanamega. Simu hazijakatazwa, zinalala tu kwenye kabati kwa sababu mikono ina mchuzi. Kuna Jumapili ambazo wawili hawasemezani, na zipo nyingine ambazo mboga inashika chini na Waya anakasirika hadi anakataa kula. Hizo nazo ni Jumapili.

Kinachonitia hofu ni vidole. Binti yangu anaweza kuchambua osuga sasa, ila lazima aitazame. Waya amevuka themanini. Kati ya wanaoketi mezani kwetu, hakuna hata mmoja anayejua bado ni lini maziwa yametosha, na yeye hawezi kutuambia kwa maneno, husema tu, "Tazama." Magadi ya majivu hutengenezewa Seme na mzee mwenzake, na huyo naye hana wa kumrithi. Wauza nyungu wa Kibuye wamepungua, wanunuzi wao wengi wakitaka chungu cha kupandia maua.

Msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yupo bado mtu mmoja anayejua mboga hii, au samaki wa nazi kama mko pwani, au chochote kile ambacho mama zenu walikipika bila kuandika, msimpeleke hotelini Jumapili hii kumheshimu. Nunueni mboga Ijumaa, mbichi, yenye mashina yake. Iwekeni katikati, mkae wote, wavulana pia, mmwombe aanze.