Mchawi, Mwalimu na Orkoiyot: Juu ya Maneno ya Elimu ya Siri katika Nchi ya Wakipsigis

Mtu mzima wa Kapsoit anayetaka leo kuijua elimu ya siri ya wazee wake hana haja ya kusafiri. Kituo hicho cha biashara, kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Kisumu, pale inapochepuka njia ya Sondu, kimezungukwa na mashamba ya chai, na simu imo katika kila mfuko. Kwa simu hiyo aweza kukifungua kitabu cha A. C. Hollis, The Nandi, kilichochapwa Oxford mwaka 1909, ambacho sasa husomwa bila malipo kwa intaneti. Atakuta humo desturi, vitendawili na methali za Wanandi, ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na kwa mila, na atakuta pia habari za orkoiyot. Lakini orkoiyot huyo atamjia akiwa amekwisha kuvikwa jina la Kizungu, ambalo kwa Kiswahili halikosi kugeuka mganga, na kwa ulimi mwepesi zaidi, mchawi. Kabla mwanafunzi huyo hajajifunza lolote kuhusu jambo lenyewe, amekwisha kufundishwa jinsi ya kulidhania.

Suala la makala haya ni tafsiri. Waandishi wa Kiswahili wanaogusa historia ya Bonde la Ufa wameridhika kwa muda mrefu na maneno mawili, mchawi na mganga, pamoja na laiboni lililookotwa kutoka kwa Wamasai, kana kwamba hayo yatosha kubeba kila mtu wa nchi ile anayejua yasiyojulikana na wengi. Wakipsigis wenyewe hawakuigawa dunia yao hivyo. Orkoiyot, ambaye wingi wake ni orkoiik, alikuwa mtu wa ukoo wa Talai, mwenye uwezo wa kutabiri, wa kubariki au kuzuia vita, na wa kuhusika na mvua. Ponindet (wengine huandika bonindet, maana lugha yao haitenganishi fonimu p na b) ni mtu adhuruye wenziwe kwa siri, naye ndiye anayemkaribia hasa mchawi wa Waswahili. Chepkerichot ni mwanamke ajuaye kerichek, yaani dawa za majani na mizizi. Na kwa masimulizi mamoja mji wa Kericho wenyewe unatokana na neno hilo la dawa. Kisha yuko moteriot, mfunzi wa vijana walio katika tumdo, yaani jando. Watu hawa wanne hawakuketi kiti kimoja. Mtafsiri anayewaita wote waganga, au anayemwita wa kwanza kwa jina la wa pili, amefanya zaidi ya kukosea msamiati.

Kosa hili lina mizizi katika Kiswahili chenyewe, wala halikutokana na uvivu peke yake. Katika pwani, elimu ya siri ni elimu kwa maana kamili ya neno. Ina mwalimu, na jina hilo la mwalimu lilimhusu mpiga ramli na mjuzi wa falaki kama lilivyomhusu mfundishaji wa watoto. Ina kitabu. Ina malipo, ina daraja, na katika ngoma za pepo mteja wa jana aweza kuwa fundi wa kesho. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliyaeleza mambo ya waganga na wachawi kwa utulivu uleule aliotumia kueleza arusi na biashara, kama shughuli miongoni mwa shughuli za mji. Hata mtu aliyechelewa, mwenye mvi na wajukuu, hakufungiwa mlango. Alichotakiwa kuwa nacho ni ada, subira na mtu wa kumpokea.

Mwundo wa lugha nao unashuhudia. Kitenzi jifunza kimejengwa kwa kirejeshi: ajifunzaye ajifunza nafsi yake. Jina mwanafunzi, kwa upande mwingine, linamfanya yeyote aingiaye chuoni kuwa mwana, hata akiwa mtu wa miaka sitini. Ndani ya jozi hiyo mna falsafa nzima ya mtu mzima anayeanza upya: anajitawala katika kutafuta, lakini anakubali kuwa mtoto mbele ya anayejua. Ni falsafa nzuri. Tatizo ni kwamba inachukulia kuwa kila elimu yaweza kutafutwa.

Wageni walioipitia pwani waliikuza dhana hiyo hadi ikawa kichekesho. Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931, alisimulia aliyosikia kuhusu Pemba: kwamba watu hutoka nchi za maziwa makuu kwenda kuhitimu uchawi huko, na kwamba wengine, ati, hutoka hata Haiti. Hizo ni soga za safarini, na msomaji mwenye akili hazipokei kama takwimu. Hata hivyo zina faida kwa mhakiki, kwa sababu zinaonyesha namna sura ya uchawi kama chuo kikuu, chenye wanafunzi wa kigeni na shahada zake, ilivyokwisha kuimarika katika maandishi. Sura hiyo ndiyo inayomrudia mtu wa Kapsoit anapoketi jioni na simu yake akitafuta mahali pa kujiandikisha.

Mtu huyo akitaka kuwa mjuzi wa kerichek, njia ipo. Atahitaji chepkerichot aliye tayari kumchukua, na miaka ya kufuatana naye msituni na mtoni. Kitabu hakitamfaa sana, kwa kuwa jani lijulikanalo kwa harufu na kwa mahali liotapo halijulikani kwa picha. Hapa neno mganga halikosei sana, na kitenzi jifunza kinafaa bila marekebisho.

Akitaka kuwa orkoiyot, hakuna mlango. Uwezo ule ulikaa katika damu ya Talai, na hata ndani ya ukoo huo haukumwangukia kila mtu. Kimnyole arap Turukat, orkoiyot mkuu wa Wanandi aliyeuawa na watu wake mwenyewe mnamo mwaka 1890, hakuwa amehitimu popote. Na walipomuua hawakumwondolea shahada, bali walijiondolea mtu waliyeamini kwamba maneno yake yana uzito wa kuleta maafa. Miongoni mwa wanawe, Koitalel arap Samoei alishika nafasi hiyo Nandi, na Kipchomber arap Koilegen akaenda kwa Wakipsigis. Koitalel alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani. Koilegen alihamishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1914. Historia hii yapaswa kusomwa pamoja na sarufi: cheo kilichopitia kwa baba na wana, katika kizazi kimoja cha vita, hakiwezi kufasiriwa kwa jina la mtu aliyekwenda kwa mwalimu na kulipa ada.

Wataalamu wa mila walikuwa na chombo cha kuwasaidia hapa. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Waazande, alitenganisha uchawi wa kurithi, uliomo mwilini mwa mtu, na ule wa kutumia dawa, ambao mtu hujifunza. Ugawaji huo umewafaa wengi, na Kiswahili, chenye neno moja uchawi kwa yote mawili, kingeweza kunufaika nao. Lakini ukihamishwa mzimamzima hadi Kericho utazaa kosa jipya. Kwa Waazande kilichorithiwa ndicho kilichodhuru. Kwa Wakipsigis kilichorithiwa na Talai kilikuwa pia baraka, uongozi na maono. Msomaji atakayekumbuka kwamba Evans-Pritchard ndiye aliyeandika utangulizi wa kitabu cha J. G. Peristiany juu ya Wakipsigis, kilichotoka mwaka 1939, atakuwa mwangalifu asije akampandisha orkoiyot kiti cha mchawi kwa sababu tu wote wawili walizaliwa na kile walicho nacho.

Na mwaka huo 1939 hauna budi kutajwa kwa sababu nyingine. Miaka mitano kabla, mwaka 1934, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria maalumu ya kuwaondoa wale iliowaita malaiboni. Watu wa Talai zaidi ya mia saba, wazee, wanawake na watoto, walitolewa nchi ya Wakipsigis na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali penye joto, mbung'o na malaria. Sheria iliyokwisha kuwapo, ile ya uchawi ya mwaka 1925, iliadhibu mtu kwa alilotenda au alilojidai kuweza kulitenda. Ile ya mwaka 1934 iliwashika watu kwa ukoo wao. Yaani serikali, katika kutunga adhabu, ilielewa vizuri kabisa kwamba hii si elimu ya kujifunza bali ni nasaba. Lakini katika kutunga jina ilitumia neno la Kimasai, na katika kutoa sababu ilitumia lugha ya uchawi. Yaweza kusemwa kwa kuitetea kwamba masimulizi yenyewe huwahusisha Talai na waaguzi wa Kimasai wa zamani, na kwamba Wakipsigis wengi waliwaogopa Talai. Yote mawili ni kweli. Hofu ya jirani, hata hivyo, haitoi kibali cha kumhamisha mtoto mchanga, wala asili ya mbali haitoi kibali cha kulifuta jina la nyumbani. Waliorejea hawakupata tena ardhi yao, na mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Talai waliipeleka kesi yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika leo kwamba wachawi walihamishwa mwaka 1934 anatoa ushahidi katika kesi hiyo bila kujijua.

Mfano mwema wa mwanafunzi mtu mzima katika nchi hii ulikuwapo, naye ni Ian Orchardson, mwana wa mchoraji mashuhuri wa Uingereza, aliyekaa Kericho miaka mingi, akajifunza lugha na mila za Wakipsigis alipokuwa amekwisha kukomaa. Muswada wake aliuandika kati ya mwaka 1929 na 1937. Kitabu The Kipsigis, kilichotolewa Nairobi mwaka 1961, si muswada huo. A. T. Matson aliufupisha, akauhariri na sehemu nyingine kuziandika upya, na jambo hilo limeelezwa wazi katika kitabu chenyewe. Wanaokinukuu kitabu hiki kama sauti ya mtu aliyeishi na Wakipsigis wanasahau kwamba katika neno lolote moja la Kiingereza lihusulo orkoiyot hawajui kama lilichaguliwa Kericho wakati Talai wanahamishwa, au mezani pa mhariri robo karne baadaye. Kwa mambo ya ufugaji tofauti hiyo ni ndogo. Kwa neno lililokuwa likitumika kufukuzia watu, si ndogo hata kidogo.

Fasihi ya Kiswahili haikukosa uangalifu ambao kamusi zimeukosa. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale (1960), iliona katika imani za mizimu pazia la kufichia uhalifu, na kwa riwaya ya upelelezi hiyo ni haki yake. Ebrahim Hussein alikwenda mbali zaidi katika Kinjeketile (1969). Vita vya Maji Maji vilianza mwaka uleule aliouawa Koitalel, na Hussein alikuwa na kila sababu ya kumtolea hukumu mtu wa Ngarambe, ama kama mganga wa kweli ama kama mlaghai. Hakufanya hivyo. Alimwacha mtu aliyeshikwa na Hongo asimame katikati ya watu wanaomwamini kuliko anavyojiamini, na uzito wa mchezo ukawa katika neno lililomtoka na ambalo hawezi tena kulirudisha. Koitalel na Koilegen hawajapata mchezo wa namna hiyo katika Kiswahili.

Kwa mtafsiri, upungufu mkubwa zaidi huenda uko mahali pasipotazamwa. Waandishi wakitafuta visawe vya elimu ya siri ya Wakipsigis hufungua sanduku la uchawi na uganga, wakapekua mlozi, kahini, sahiri na mpiga bao, ilhali siri nyingi za Wakipsigis, zile hasa zinazofundishwa na kulindwa kwa kiapo, ziko katika tumdo. Kwa hizo Kiswahili kina sanduku jingine lililojaa: jando na unyago, mwari, kungwi, nyakanga, somo, manyago. Moteriot ni kungwi. Mwanafunzi wake ni mwari. Na hapa swali la mtu mzima lina jibu tofauti na yale mawili ya kwanza, kwa kuwa mgeni aliyepokewa katika ukoo aliweza kuingizwa kwa njia hiyo, lakini alichofunzwa hakikuwa chake kukiandika wala kukisimulia. Anayeyaona ya tumdo yamechapwa kitabuni ameyapata maneno na kukosa kiapo, na mbele ya wazee hilo ni jambo zito kuliko kutojua.

Kuhusu orkoiyot mwenyewe, kahini ana harufu ya ibada za sanamu, nabii ana kitabu, mtabiri ni mwepesi mno, na laiboni ni wa jirani. Lililobaki ni kuliazima neno lenyewe, kama Kiswahili kilivyoazima shehe na askofu bila kuona haya. Upatanisho wa kisarufi ni rahisi katika umoja: orkoiyot huyu, aliyetabiri. Katika wingi baadhi watapendelea maorkoiyot, wakifuata masultani na mashehe. Lakini orkoiik hawa, waliohamishwa, husomeka bila tabu, nalo ndilo wingi ambalo wenye lugha wanalitambua.