Mizani Nane Huku, Nane Kule

Mtu wa Ntalikwa, hapa Manispaa ya Tabora, akiuliza habari za ushairi wa Kiswahili huelekezwa pwani: Lamu, Mombasa, Pemba, Tanga. Ni kweli, chimbuko liko huko. Lakini njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, ilikipandisha Kiswahili bara pamoja na machungu yote ya misafara hiyo, pembe za ndovu na watu waliotiwa minyororo. Baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, likawapa watunzi wa bara mahali pa kujibizana na wenzao wa pwani. Na aliyekuja kuziandika kanuni za fani hii kwa ajili ya kila mwanafunzi alikuwa mtoto wa njia hiyohiyo: Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, aliyesoma Tabora. Kitabu chake, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kilitoka mwaka 1954.

Vijana wengi huziona sheria hizo kama pingu. Mimi naamini ndizo zinazomsimamisha mtu. Mshororo wa shairi umekaa kama mzega: mizani, yaani silabi, nane kwenye ukwapi, nusu ya kwanza, nane kwenye utao, nusu ya pili, na mtunzi katikati. Upande mmoja ukizidi, safari haiendi.

Chukua mtu aliyefiwa, au aliyevuna tumbaku ikakosa bei. Anashika kalamu na kuandika: moyo wangu umechoka sana. Anahesabu kwa vidole, mo-yo-wa-ngu, anafika kumi. Mizani mbili zimezidi. Anaitazama "sana", anaifuta. Zinabaki nane kamili, na uchungu wake haukupungua hata chembe. Umeacha kupiga kelele tu.

Kisha kina kinamdai. Ukwapi umeishia na "ka", na mshororo wa pili na wa tatu lazima nayo iitike hapo. Anaanza kutafuta: kucheka, kuvuka, kuamka, kuinuka. Hakukusudia kuandika juu ya kuinuka, alikuja kulia. Lakini kina kimempeleka kwenye neno ambalo huzuni isingempa, na sasa hana budi kulifikiria, kulipima, kulitafutia mahali pake. Akifika kwenye kituo, mshororo wa mwisho, ubeti unataka kauli ya kufunga, naye lazima aamue anasema nini hasa. Mishororo minne, mizani sitini na nne, na katika kuzipanga amejipanga mwenyewe.

Hii ndiyo faida ninayoisifu. Ushairi wa kale haumwambii mtu asiumie. Unamtaka aumie kwa utaratibu, achague neno, aache lisilofaa, na asimalize kabla jambo halijatimia. Anayejizoesha hivyo kwenye karatasi hujizoesha pia kwenye ugomvi wa nyumbani na kwenye kikao cha ukoo: husikiliza upande wa pili kabla ya kufunga kauli yake.

Kwa hiyo walimu wetu wasiridhike kuwafundisha watoto kuhesabu vina vya watunzi wengine ili wafaulu mtihani. Wawaache watunge ubeti mmoja tu juu ya jambo linalowakera, kisha waughani mbele ya wenzao, na mwenzao mmoja ajibu kwa bahari ileile. Mtoto aliyejibiwa kwa mizani amejua kwamba amesikika.