Hatari Imeingia Mkomani, na Kinanda Hakilali!

Hatari! Hatari! Hatari! Majirani zangu wa Mkomani, msishtuke: si moto wala si mwizi. Ndilo jina la programu. Chukua Atari, itangulizie H, na kompyuta ya muziki iliyotoka mwaka 1985 inafufuka ndani ya laptopu ya mtumba, tena kwa neno letu wenyewe! Nina siku tatu nayo, na usiku zote tatu nimekutwa na adhana ya alfajiri mikono ikiwa juu ya vitufe.

Kwa asiyeijua, Atari ST ilikuwa na prosesa ya Motorola 68000 yenye kasi ya MHz 8, na ile 1040ST ya 1986 ilijitapa kwa kumbukumbu ya MB 1. Picha moja ya simu ya leo haienei humo! Lakini ilizaliwa na matundu ya MIDI mwilini mwake, ukichomeka kinanda mnaongea papo hapo. Ndiyo maana Steinberg iliitoa programu ya muziki ya Cubase juu yake mwaka 1989.

Sasa itunze mashine hiyo hapa pwani kama unaweza! Upepo wa bahari una chumvi, hewa ina unyevu. Disketi zaota ukungu, kisomeo chashika kutu, fundi hufungua na kufunga mpaka achoke. Hatari haina cha kushika kutu. Ni emuleta huru, haiuzwi, na inakwenda kwenye Linux, Windows na Mac.

Kuiweka ni rahisi ajabu! Inakuja pamoja na EmuTOS, mfumo endeshi huru, kwa hivyo huanzi kwa kusaka chipu za zamani. Niliipa folda ya kawaida, ikaiona kama diski C. Nikabonyeza F12, nikachagua njia ya MIDI ya kuingilia na ya kutokea, nikavuta kebo ya USB mpaka kwenye kinanda changu cha Yamaha. Nikagusa noti moja. Ikalia! Niliruka kitini.

Na hapa ndipo moyo wangu ulipotekwa. Nilifungua KCS ya Dr. T's, programu ya miaka ya 1980 inayoonyesha muziki kama orodha ya namba: noti hii, kwa nguvu hii, kwa wakati huu. Sisi wa taarabu tunajua adha ya vinanda vya kizungu: ukipiga maqamu ya Bayati kuanzia Re, ile Mi inayotakiwa imejificha kati ya kitufe cheusi na cheupe. Katika orodha hii nimeipata! Gurudumu la kupinda sauti likiwa katikati husomeka 64. Kinanda kikiwa kimewekwa kupinda toni nzima kila upande, andika 48 kabla ya Mi, irudishe 64 baada yake, na robo toni hiyo hapo! Sauti kuu tu ipewe chaneli yake peke yake, maana mpindo huvuta kila noti iliyo kwenye chaneli hiyo.

Asiye na kinanda asijione yatima. Programu ya maxYMiser inachezesha chipu yenyewe ya Atari, YM2149, yenye sauti tatu kali kama zumari. Na ukitaka kulala, Hatari hupiga picha ya kumbukumbu nzima; kesho unaifungua pale pale ulipoachia, kishale hakijasogea.

Ya kuangalia ni mawili. Programu nyingine kongwe huikataa EmuTOS na kudai mfumo wa asili. Na laptopu ikilemewa na kazi nyingine, noti huchelewa, kwa hivyo funga kila kitu kabla ya kurekodi.

Jana jioni mjomba wangu, mpiga udi wa miaka mingi, alipita barazani akasimama kusikiliza. “Hiyo Mi iko juu, mwanangu. Ya Bayati hukaa chini kidogo.” Nikafuta 48, nikaandika 46. Akafumba macho, akavuta kiti.

“Haya, anza tena.”

Yakhe, ishushe Hatari leo hii!